Mhadhiri wa Muda na Kurugenzi ya Kumtegemeza

Usijisumbue kuitafuta Jamhuri ya Shangwe kwenye ramani. Ramani huchorwa na majirani, na majirani wa Shangwe wana husuda. Lakini ipo, tena ina bendera, ina wimbo, ina uwanja wa ndege wenye zulia jekundu lisilokunjwa, na ina Chuo Kikuu cha Taifa kilichojengwa juu ya kilima ili wananchi wapate kukiona hata kama hawatakifikia.

Katika chuo hicho kulikuwa na Idara ya Kompyuta, na idara hiyo ilikuwa na maprofesa wa kudumu. Hao hawakuwa wakifundisha. Si kwamba hawakupenda, la hasha, ni kubanwa tu. Mmoja alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kupanga vikao. Mwenzake alikuwa katibu wa kikao cha kupanga kamati. Wa tatu alikwenda ughaibuni kwenye kongamano la mustakabali wa kompyuta, akauona mustakabali huo unapendeza, akabaki nao hukohuko. Basi kazi ndogo iliyosalia, ile ya kufundisha, wakaachiwa wahadhiri wa muda.

Mhadhiri wa muda ni kiumbe mwenye mbio. Asubuhi yuko kwenye ajira yake nyingine, mchana anapanda kilima huku jasho linamchuruzika, anafundisha, anashuka. Hana ofisi, hana kiti, hana hata msumari wa kutundika koti. Maprofesa wa kudumu walipokutana nao ngazini waliwasalimu kwa upole na kuwauliza kama bomba la ghorofa ya pili limeshazibwa.

Mmoja wa wahadhiri hao aliitwa Sikudhani Mpalule. Asubuhi alitunza kompyuta za kiwanda cha maziwa, na kila Jumanne na Alhamisi mchana alifundisha wanafunzi wa mwaka wa mwisho kuandika programu. Waliomjua walimuuliza kwa nini anajichosha. Yeye alijibu kwamba anaipenda ile sura ya mtu ambaye programu yake imegoma siku nzima, kisha ghafla imekubali. Macho yanamtoka, mdomo unabaki wazi, anamgeukia jirani yake hata kama hawasemezani. “Sura hiyo siipati kiwandani,” alisema Sikudhani. “Maziwa hayashangai.”

Kiongozi wa darasa lake alikuwa mtu mzima, askari mstaafu, aliyeitwa Chambuso. Wote walimwita Afande. Alikuja chuoni baada ya kustaafu kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa amechoka kupokea amri na alitaka sasa naye apate kitu cha kukiamrisha. Mkewe alimwambia ajaribu kompyuta, kwa vile yeye mke hayumo katika vya kuamrishwa.

Mambo yalikuwa yakienda hivyo, kwa tabu lakini yakienda, mpaka redio ya nchi jirani ilipotangaza kwamba katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Shangwe kompyuta hufundishwa na watu waliosahauliwa. Mheshimiwa Rais alikuwa akinywa chai. Alikiweka kikombe chini. Kesho yake, kwenye sherehe za kuadhimisha maandalizi ya sherehe, alisimama mbele ya taifa akasema: “Nimesikia wapo wahadhiri wa muda ambao hawajategemezwa. Wategemezwe!” Akaketi.

Hakuna aliyejua hasa amekusudia nini, na kwa sababu hiyo kila mtu alianza kukimbia. Haukupita muda ikazaliwa Kurugenzi ya Taifa ya Kuwafunza na Kuwategemeza Wahadhiri wa Muda wa Kompyuta. Akateuliwa pia mkurugenzi wake, Profesa Daktari Mhandisi Kitwana Ndelema, mtu mnene wa heshima, mwenye sauti ya kengele na kadi ya jina iliyokunjwa mara mbili ili vyeo vitoshe. Chini yake wakapangwa manaibu, chini ya manaibu wasaidizi, na chini ya wasaidizi watu wa kuwasaidia.

Kurugenzi ilihitaji ofisi. Ikaonekana ni hekima ikae karibu na wale inaowategemeza, na chumba kizuri kuliko vyote hapo kilimani kilikuwa maabara ya kompyuta. Basi kompyuta zikatolewa, zikapangwa ukutani kama matofali zikafunikwa turubai, na mahali pake zikaingizwa meza za manaibu.

Wakati hayo yakiendelea, wahadhiri wa muda nao walikuwa na maisha yao. Mmoja alichukuliwa na benki. Mwingine alimfuata mumewe ng'ambo. Wa tatu, kijana hodari aliyejua kompyuta mpaka ndani ya mifupa yake, alikwenda kufuga nguruwe, akisema nguruwe akishiba hutoa shukrani. Kwa hiyo siku Kurugenzi ilipokamilika, mhadhiri wa muda aliyekuwa amebaki wa kutegemezwa alikuwa mmoja tu, Sikudhani.

*

Jumanne alipopanda kilima alikuta mahema, bendi ya matarumbeta na keki iliyotengenezwa kwa umbo la kompyuta. Kitambaa kikubwa kilisema KARIBU MWALIMU SIKUZANI UTEGEMEZWE. Kabla hajauliza, alishikwa viwiko na wasaidizi wawili, wakamketisha kwenye kiti chenye vitambaa vya kufumwa, mithili ya bibi harusi.

Profesa Ndelema alihutubia. Alianzia kwenye kuumbwa kwa ulimwengu, akapitia uhuru, akagusa umuhimu wa umeme, na alipofika kwenye kompyuta wapiga tarumbeta wawili walikuwa wamesinzia. Mwishowe alimwelekezea Sikudhani mkono. “Na sasa, mwanangu, sema bila hofu. Taifa zima linakusikiliza. Unahitaji nini?”

Sikudhani alisimama. “Ahsante, Profesa. Nahitaji maabara yetu irudi. Na nikimpata mtu mmoja anayejua kuandika programu, apite nami kati ya wanafunzi wanapokwama, nitashukuru sana.”

Watu walicheka kwa upole, kama wanavyomcheka mtoto aliyeulizwa anataka zawadi gani akasema kijiti.

“Mwalimu,” alisema Profesa, “hapo unawaza kidogo. Sisi tunawaza kimfumo.”

Keki ikakatwa. Sikudhani alipewa kipande chenye herufi tatu za kibodi. Alipokimaliza alijifuta midomo, akachukua mkoba wake kwenda darasani, na hapo ndipo alipozuiwa mlangoni na mwanamke mwenye tabasamu pana, aliyejitambulisha kuwa Bi Fatina, Naibu Mkurugenzi wa Msaada wa Moyo.

“Unaenda wapi, mpenzi?”

“Kufundisha.”

“Aa, pole! Hukuambiwa? Mhadhiri wa muda haruhusiwi tena kuingia darasani mpaka akamilishe mafunzo. Tunakulinda.” Bi Fatina alimwekea kiganja kifuani. “Moyo unaendeleaje?”

*

Mafunzo yakaanza. Mkufunzi mkuu alikuwa Profesa mwenyewe, ambaye maishani mwake hakuwahi kugusa kompyuta, na jambo hilo hakulificha, alilitangaza. “Kompyuta kwanza ni dhana,” alisema. “Wanaokimbilia kuigusa huchanganyikiwa.”

Somo la kwanza liliitwa Kuingia Darasani. Sikudhani alifunzwa kuingia kwa mguu wa kulia, kuingia kwa haiba, na kuingia kama mtu ambaye alikuwa ndani tangu mwanzo. Waliurudia mlango huo mpaka bawaba zikang'oka, ndipo Profesa akasema sasa somo limeeleweka. Likafuata somo la Kushika Chaki, ingawa chumba hakikuwa na ubao. Likafuata somo la Matumizi ya Mkono wa Kushoto katika Kusisitiza. Muda wote huo manaibu walikaa mstari mmoja nyuma yake wakimtegemeza. Mmoja alimshikia mkoba, mwingine alimshikia kalamu, na alipopiga chafya walisimama wote kwa pamoja.

Kila asubuhi kabla ya yote Bi Fatina alimuuliza moyo unaendeleaje, na Sikudhani, ambaye alilelewa vizuri, alijibu haujambo.

Siku alipofikia mwisho wa somo la mwisho, alifunga daftari akasema, “Basi, Profesa, nimemaliza. Nadhani kesho naweza kurudi darasani.”

Profesa alibadilika rangi. Alimtazama Bi Fatina, Bi Fatina akawatazama wasaidizi, wasaidizi wakatazama meza zao mpya kama watu wanaoagana nazo. Maana ikiwa Sikudhani amemaliza, wao wanamtegemeza nani?

“Umemaliza mafunzo,” alisema Profesa polepole, akitafuta njia. “Ndiyo. Hongera. Lakini hujaanza Mafunzo ya Kuyakumbuka Mafunzo.”

Chumba kizima kilishusha pumzi.

*

Huku nyuma wanafunzi walikuwa wakija darasani kila Jumanne na Alhamisi, wanakaa, wanatazamana, wanaondoka. Afande Chambuso alikuwa akiwaita majina kama kawaida, kisha anawaamrisha wapumzike. Hali ilipokuwa haivumiliki tena, alimvizia Sikudhani langoni mwa chuo, akapiga mguu na kukaza kifua.

“Mwalimu, kikosi kinaoza.”

“Najua, Afande.”

“Muhula unakaribia kwisha. Asiyewasilisha programu inayofanya kazi anarudia mwaka mzima. Sasa hawa vijana, wengine wazazi wao wameuza ng'ombe. Na mimi, Mwalimu…” Hapo askari alilegea kidogo. “Mimi magoti haya hayana mwaka mwingine wa kupanda kilima. Nikirudia, siku ya mahafali joho nitavalishwa nikiwa kwenye kiti cha magurudumu. Na mke wangu ameshawaalika shangazi zake.”

Sikudhani alishuka kilima. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya kimya, ile inayomfanya mtu apange vyombo upya kabatini. Alikuwa amevumilia kukosa ofisi. Alikuwa amevumilia kuulizwa habari za mabomba. Lakini kuzuiwa kufundisha kwa kusaidiwa, hilo lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Yule mwenzake wa nguruwe alimpigia simu jioni hiyo, nyuma yake zikisikika sauti za furaha. “Sikudhani, acha ukaidi. Njoo tufuge.”

“Nipe wiki moja,” alimjibu.

Kesho yake alikwenda moja kwa moja kwa Profesa Ndelema. Alimkuta amejiinamia mezani, akiandika somo jipya liitwalo Kuyasahau Mafunzo kwa Mpangilio.

“Profesa, nimefikiri sana kuhusu Kurugenzi yako. Naona ina tatizo, na tatizo ni mimi.”

“Usijilaumu, mwanangu.”

“Sijilaumu. Niko mmoja. Mimi nikiugua mafua, Kurugenzi nzima haina kazi. Nikiolewa na mtu wa mbali, Kurugenzi imekufa. Mtu mmoja hawezi kuwabeba watu wote hawa, Profesa. Mgongo wangu ni mdogo.”

Profesa aliiweka kalamu chini. Macho yake yalilowa. Ilikuwa ni hofu ambayo kila mtu katika jengo lile alikuwa nayo na hakuna aliyethubutu kuitamka.

“Tutafanyaje?”

“Nitawaletea wengine. Darasa zima. Muwaandikishe kuwa wahadhiri wa muda.”

“Hao si wanafunzi?”

“Ni wahadhiri, Profesa. Wa muda.”

“Na muda wenyewe?”

“Haujafika.”

Profesa aliutafuna mdomo wake wa chini, akiipima hoja ile kushoto na kulia kama mwanasheria. Kisha uso wake ukakunjuka. “Basi hao ndio wa muda hasa! Msimwache hata mmoja.”

*

Afande Chambuso aliwaleta kwa mwendo wa gwaride, mstari ulionyooka. Kila mmoja alipewa beji, kipande cha keki na swali kuhusu moyo wake. Sikudhani alieleza kwamba kundi kubwa kama hili, kwa kanuni za kimataifa, hufunzwa kwa vitendo. Maneno “kanuni za kimataifa” yalikuwa na nguvu za ajabu nchini Shangwe. Mtu akiyatamka hata milango iliyofungwa ilijifungua kwa aibu. Turubai likafunuliwa, kompyuta zikapanguswa vumbi, meza za manaibu zikasogezwa ukutani, na Sikudhani, mbele ya macho ya Kurugenzi nzima, akaanza tena kufundisha pale alipokuwa ameishia.

Manaibu walifurahi mno. Walikuwa na watu wa kuwategemeza mpaka wanagombaniana. Mwanafunzi akiinua mkono tu kumwita mwalimu, wasaidizi walimkimbilia wamshikie huo mkono. Lakini Sikudhani aliwapita katikati, akainama kwa huyu, akamnong'oneza yule, akamwacha mwingine apambane kidogo, na moja baada ya nyingine programu zikaanza kukubali. Ya Afande ilikuwa ya kupanga zamu za walinzi wa soko. Ilipofanya kazi mara ya kwanza aliipigia saluti.

Profesa naye alipeleka taarifa Ikulu: idadi ya wahadhiri wa muda wanaotegemezwa imepanda kutoka mmoja hadi chumba kizima, na bado viti vinaongezwa. Hakuna nchi duniani iliyowahi kukua namna hiyo.

Jibu lilirudi haraka kuliko alivyotamani. Mheshimiwa Rais amefurahi. Mheshimiwa Rais atakuja mwenyewe. Mheshimiwa Rais angependa kuwaona wahadhiri hao wakifundisha wanafunzi.

Profesa alilisoma neno la mwisho mara kadhaa. Kisha alitoka barazani, akamwita Sikudhani kwa sauti ndogo isiyofanana naye.

“Mwalimu. Wanafunzi tunao?”

“Tulikuwa nao, Profesa. Sasa wote ni wahadhiri.”

“Wote?”

“Ulisema tusimwache hata mmoja.”

Profesa alijishika kichwa. Bi Fatina alikuja mbio kumuuliza moyo unaendeleaje na kwa mara ya kwanza akajibiwa ukweli. Wakakaa chini wote watatu, wakafikiri kila njia, na kila njia iliishia palepale. Chuoni hapo watu wasiojua kompyuta na wenye nafasi ya kutosha kuanza kufundishwa walikuwa ni haohao wa Kurugenzi.

*

Hivyo ndivyo manaibu, wasaidizi na watu wa kuwasaidia walivyoketi mbele ya kompyuta, kila mmoja akiwa amepewa mwanafunzi mmoja wa zamani wa kumfundisha. Bi Fatina aliangukia kwa msichana mmoja mkali aliyemkataza kuuliza habari za moyo mpaka amalize zoezi. Profesa Daktari Mhandisi Ndelema aliangukia kwa Afande.

Mwanzo ulikuwa mchungu. Profesa alikishika kipanya kama mtu aliyekabidhiwa panya mwenyewe. Alikibonyeza kitufe na kukiomba radhi.

“Profesa, usiiombe,” alisema Afande. “Iamrishe. Hii ni kuruta. Inafanya unachosema, si unachofikiri.”

“Hata kama nimekosea kusema?”

“Hasa ukikosea kusema.”

Siku kadhaa alikosea. Alikosea nukta, alikosea mabano, alikosea jina lake mwenyewe. Vyeo vilimdondoka kimojakimoja, kwa sababu kompyuta haikuwa na mahali pa kuviweka. Kisha mchana mmoja, alipokuwa karibu kukata tamaa, skrini iliandika: *Shikamoo Mheshimiwa Rais*. Ni yeye aliyeiambia iandike hivyo, nayo imeandika.

Sikudhani alikuwa akipita nyuma yake. Alimwona Profesa akitoa macho, mdomo ukabaki wazi, kisha akamgeukia Afande na kumshika bega. Sikudhani alisimama. Wiki zote zile alikuwa akimchukia mtu yule kwa bidii, na sasa akagundua kwamba chuki yake imepotea na haoni pa kuitafuta.

“Hongera, Profesa,” alisema, na alimaanisha.

Tangu hapo Profesa hakushikika. Alitaka kujua zaidi. Afande akamfundisha mzunguko, yaani namna ya kuiambia kompyuta irudie jambo tena na tena bila kuliandika upya. Profesa alipenda sana. Aliifanya salamu yake ijirudie, tena itoke kwa sauti kwenye spika.

“Sasa hapa chini, Profesa, unaweka sharti la kuishia,” alisema Afande. “Irudie mara ngapi halafu ikome.”

Profesa alimtazama kwa mshangao. “Heshima kwa Rais haiwekewi kikomo, Afande.”

Afande alikuwa ametumikia jeshi muda mrefu. Alijua wakati wa kunyamaza.

*

Mheshimiwa Rais alikuja na msafara ambao mwanzo wake ulifika kilimani kabla mwisho wake haujatoka Ikulu. Alikuwa mzee mwenye uso mchangamfu na miguu iliyochoka. Watoto waliozaliwa siku aliyoapishwa mara ya kwanza walikuwa sasa na wajukuu, na kila alipotaka kupumzika, wananchi, kupitia kwa wasemaji wake, walimkatalia.

Aliwapita wahadhiri wapya, akatikisa kichwa kwa kuridhika alipoona manaibu wakifundishwa, akaketishwa kwenye kiti kikubwa mbele ya skrini. Profesa Ndelema alisogea mbele. Hakuhutubia. Hilo peke yake liliwashtua waliomjua. Alisema tu, “Mheshimiwa, nimetengeneza kitu kwa mkono wangu,” akabonyeza.

“Shikamoo Mheshimiwa Rais,” ilisema spika, na maneno yakatokea kwenye skrini.

Rais alitabasamu. “Marahaba.”

“Shikamoo Mheshimiwa Rais.”

“Marahaba, marahaba.”

“Shikamoo Mheshimiwa Rais.”

Chumba kizima kilisimama kwa heshima, kikapiga makofi. Rais akaitikia. Mashine ikaamkia. Sasa nchini Shangwe, kama kwingineko kwenye watu wenye adabu, shikamoo haiachwi hewani. Ukiamkiwa unaitika. Basi mashine iliamkia na Rais aliitika, iliamkia akaitika, na makofi yakafuata kila mara, mpaka viganja vikawa vyekundu. Rais aliletewa maji. Akanywa katikati ya shikamoo mbili, akawahi. Sauti yake ikaanza kukwaruza. Pilau iliyoandaliwa kwenye mahema ilipoa, ikapashwa, ikapoa tena.

Mkuu wa usalama alimsogelea Profesa, akazungumza bila kufungua midomo. “Inaisha lini?”

“Haiishi.”

“Izime.”

“Niizime shikamoo ya Rais?” alinong'ona Profesa, jasho likimtiririka. “Izime wewe.”

Mkuu wa usalama alikitazama kitufe. Akawatazama mawaziri. Mawaziri wakatazama dari. Akarudi nyuma hatua moja, akaendelea kupiga makofi.

“Mara…haba,” alisema Rais, na safari hii ilitoka kama mtu anayeomba.

Sikudhani alikuwa amesimama ukutani pamoja na darasa lake. Alijua la kufanya, na alijua pia kwamba kila mtu pale alikuwa na mkubwa wake wa kumlaumu isipokuwa yeye. Kibarua chake kingeweza kuota nyasi kabla ya jioni, labda na yeye mwenyewe. Lakini alipomwangalia yule mzee kitini hakuona Rais. Aliona mtu aliyekwama, na miguu yake ilikuwa imezoea kwenda kwa waliokwama. Alijikuta ameshafika, ameinama kando ya kiti kama anavyowainamia wote.

“Shikamoo, baba,” alisema.

“Marahaba, mwanangu. Hii mashine ina nini?”

“Haina ubaya, Mheshimiwa. Imeambiwa irudie, haikuambiwa iishie wapi. Kila mzunguko lazima uwekewe sharti la kuishia.”

Makofi yalikoma. Mtu fulani huko nyuma alianza kukohoa, akajizuia, akaendelea kukohoa kwa ndani.

“Na usipowekewa?” aliuliza Rais.

“Mashine inachoka. Inapata moto. Haiwezi kufanya kazi nyingine yoyote, inajirudia tu. Mwishowe inajizimikia, au mtu anakuja kung'oa waya.” Alimsogezea kibodi mapajani. “Lakini hakuna haja ya kufika huko. Bonyeza hapa, Mheshimiwa. Mwenyewe.”

Mkuu wa usalama alinyoosha mkono. Rais alimwashiria arudi. Alikitazama kile kitufe, kisha akatoa kidole kimoja cha kizee, chenye pete, akabonyeza.

Kimya.

Ilisikika feni ya dari. Ilisikika bata huko bondeni. Rais aliegemea kiti, akafumba macho, na mabega yake yakashuka.

“Kumbe ni rahisi hivi,” alisema.

Profesa Ndelema, kwa mazoea, aliinua viganja kupiga makofi, kisha akajiuliza ni nini hasa anachokipigia makofi, akabaki hivyo, viganja viwili vimetazamana, havikutani wala havishuki.

Rais aliondoka bila kugusa pilau.

*

Siku nyingi Sikudhani alikuwa akisikia gari likipunguza mwendo mbele ya nyumba yake moyo unamruka. Magari yote yalipita. Redio haikusema kitu. Wasemaji wa wananchi walitangaza kwamba Mheshimiwa ana afya njema na anaendelea, na hapo wakaweka nukta.

Programu za wanafunzi zilipokelewa zote, kwa sababu waliokuwa na mamlaka ya kuzikataa walikuwa wamejificha. Afande alivaa joho akiwa amesimama wima, na shangazi za mkewe walipiga vigelegele mpaka walinzi wakaja kutazama kuna nini. Ama Kurugenzi, hiyo ilivunjwa kwa tamko fupi lililosema imefanikiwa kupita kiasi. Manaibu walihamishiwa kwenye kuwategemeza wafuga nyuki, na habari zilizotoka huko ni kwamba nyuki hawakupenda. Maabara ikarudi.

Jumanne ya kwanza ya muhula mpya Sikudhani aliingia darasani, bila kukumbuka kwa mguu upi, akakuta wanafunzi wapya wameketi. Kwenye kompyuta ya pembeni alikuwapo mtu mzima mnene, amevaa shati la kawaida, kifuani hana kadi.

“Profesa?”

“Niite Kitwana,” alisema, akainuka nusu. “Nilibakiwa na kazi moja sijaimaliza, Mwalimu. Ukiniruhusu.”

Alikuwa ameifungua ile programu yake. Kidole kilikuwa kimeganda kwenye mstari wa chini, pale Afande alipokuwa amemwonyesha. Sikudhani alivuta kiti, akaketi karibu.

“Hapa ndipo sharti linapokaa,” alisema. “Andika idadi.”

“Ngapi zinatosha?”

“Hilo mashine haiwezi kukuambia. Unaamua mwenyewe, kabla hujaanza.”

Kitwana Ndelema alifikiri. Aliutazama mlango. Alilitazama dirisha, akawatazama wanafunzi wapya, ambao kila mmoja alikuwa na shida zake. Kisha akajikunja juu ya kibodi, akaikinga kwa mkono kama mtoto anayemficha jirani jibu la mtihani, akaandika mbili.

“Mbili tu?” aliuliza Sikudhani.

“Zamani ndivyo tulivyofundishwa shuleni, kwenye somo la uraia,” alinong'ona.

Akabonyeza. Mashine ikaamkia. Ikaamkia tena. Halafu ikanyamaza, ikangoja kuambiwa jambo jingine.